Kifaru wa Babu na Video Yangu ya 40 Bob

Wacha nianze na video, maana wengi wenu mlinijua kupitia hiyo. Ile ya sekunde 38, nimesimama nyuma ya steji ya Kitengela na sarafu ya 40 bob mkononi, ile ya Kibaki, nikisema: "Kama uko na hii kwa nyumba, tafadhali usinunulie maziwa. Kuna watu wanailipia laki nne." Ilitazamwa mara 214,000. Mimi ambaye video zangu zilikuwa zinafikia watu 900 nikijikaza sana. Usiku huo nililala na simu kifuani.

Laki nne niliitoa wapi? Kwa video ya mtu mwingine. Yeye aliitoa wapi? Pia sijui, sikuuliza. Ilikuwa inasikika poa, na nilikuwa na njaa ya kuonekana. Hiyo ndiyo sababu yote, sina nyingine ya kujipamba nayo.

Sasa ukweli, nikianza na hiyo sarafu yenyewe. 40 bob ilitolewa mwaka 2003, Kenya ikitimiza miaka 40 ya uhuru. Ni sarafu ya ukumbusho, ndiyo, lakini ilitengenezwa itumike dukani kama nyingine zote. Haikuwahi kuondolewa vile noti ya zamani ya 1,000 iliondolewa 2019. Kilichotokea ni kwamba karibu kila aliyeipata aliificha. Mamangu anayo. Jirani wetu hapa Noonkopir anazo tatu. Kuna konda wa mat zetu anayeiweka kwa waleti, ati ya bahati. Sasa niambie, kitu ambacho nchi nzima imekificha ikingoja kiadimike, kitaadimika vipi? Ukitaka ngumu kweli, tafuta 5 bob ya 1973, ya miaka kumi ya uhuru, ile yenye pande tisa. Hiyo watu waliitumia hadi ikachakaa, hawakujua kuna siku mtu ataiulizia. Mi naitafuta hadi leo na sijawahi kuishika.

Wiki mbili baada ya video, kijana mmoja wa Athi River akaniandikia inboksi. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Aliona video yangu, akaenda kutafuta mnunuzi mtandaoni, akampata. Mnunuzi akataka picha za sarafu, mbele na nyuma. Akasema imepita. Akasema ni laki nne na nusu, ila kwanza kuna 2,500 ya usajili. Akatumiwa kwa M-Pesa. Kisha kuna 4,000 ya cheti. Akatumiwa. Kisha kuna bima. Hapo kijana akashtuka, akapiga simu, namba haipatikani tena. Jumla 6,500, na anafanya kazi ya kibarua. Alichoniuliza ni kimoja tu: "Kwani wewe uliuza yako kwa nani?"

Niliangalia hiyo meseji siku mbili bila kujibu. Baadaye nilimwambia ukweli, sijawahi kuuza yoyote. Nimekuwa nikimrudishia kidogo kidogo. Imebaki 1,500.

Ungefikiri hapo ningefuta video. Sikufuta. Ilikuwa bado inaniletea watu.

Kilichonifanya niifute ni Koko. Kwa wale hawajui, Koko ni nyanya, huko kwetu Umaasaini. Anakaa nje kidogo ya mji wa Kajiado, peke yake na binamu yangu mdogo, tangu babu alipofariki. Jumamosi moja mamangu akanipigia: "Koko anakuita. Anasema uende na yule mtu wa laki nne." Nikacheka. Kumbe binamu yangu alimwonyesha video akamtafsiria kila neno kwa Kimaa. Mamangu hakucheka.

Nikapanda mat asubuhi. Barabara ya Namanga mnaijua, Isinya, vumbi, mbuzi wanaovuka kama barabara ni yao, na ni yao. Kajiado nikachukua bodaboda. Nilifika nikainamisha kichwa Koko anisalimie kwa mkono utosini, vile amenisalimia tangu nikiwa mtoto, na kabla hata sijaketi akaniuliza: "Yuko wapi?"

"Nani, Koko?"

"Yule wa kununua."

Alikuwa amejitayarisha. Juu ya kistuli kulikuwa na mkebe wa Kimbo wa zamani, na kando yake kibakuli cha jivu, kipande cha limau na kitambaa. Mkebe ulikuwa na pesa za maisha yake yote. Senti za enzi za mkoloni zenye tundu katikati, zimeandikwa East Africa. Shilingi za Mzee Kenyatta. Zile 5 bob za Moi zenye pande saba. Na 40 bob, bila shaka, moja, imefungwa kwa karatasi ya nailoni.

"Hizo ni zangu," akasema. "Lakini hii ndiyo kubwa. Hii ni kifaru ya babu yako."

Akanipa kitu kizito, kikubwa kuliko sarafu yoyote niliyowahi kushika. Upande mmoja kifaru. 50 shilingi. Tanzania, 1974. Kifaru alikuwa amesuguliwa hadi akawa na mng'ao mkavu wa kijivu, kama sufuria iliyotoka kupigwa sifongo ya chuma. Nikaigeuza. Upande wa pili kulikuwa na kichwa cha Nyerere, na kuzunguka kichwa, chini ya utando mweusi uliokuwa umeanza kushika pembeni, nikaona kitu ambacho sikutarajia kuona kwa mkebe wa Kimbo. Nikajiona mimi. Macho, pua, braidi. Ilikuwa kioo.

"Ilikuwa nyeusi," Koko akasema. "Nyeusi kama sufuria. Nimesugua siku mbili, kidole kikauma, nikasema upande ule mwingine utamaliza wewe. Mtu wa laki nne atanunua kitu kichafu?"

Hapo hata mimi sikujua ameharibu nini. Nilijua tu pande mbili za kitu kimoja hazifanani, na tumbo likanikaza.

Babu alikuwa dereva Amboseli, akizungusha watalii. Koko anasema mgeni mmoja, mzee, alikuja miaka miwili mfululizo, na mara ya pili alipokuwa anaondoka akampa babu kisanduku kidogo chenye hiyo sarafu ndani. Kisanduku kilichezewa na watoto kikapotea, mamangu akiwa mmoja wa hao watoto. Sarafu ikabaki. Babu hakuwahi kuiuza wala kujua inanunua nini. Alikuwa anaitoa siku za wageni, anaionyesha, anairudisha.

Nilimuuliza Koko anataka pesa ya nini. Alinitazama kama nimeuliza jua linatoka wapi. Kiangazi cha 2022 kilimkuta na ng'ombe kumi na wanne kikamwachia watatu. Hilo kila mtu wa Kajiado analijua, mizoga ilikuwa kando ya barabara, mliiona kwa simu zenu. Alikuwa amepiga hesabu. Laki nne ni ng'ombe wangapi, na tangi la maji juu. Hesabu hiyo yote ilikuwa imejengwa juu ya sekunde 38 zangu.

Jumatatu nikaenda nayo Nairobi, nimeifunga kwa soksi. Kuna mzee mmoja mjini hununua na kuuza sarafu, ana kachumba kadogo juu ya ngazi ndefu. Aliishika kwa ukingo, vidole viwili tu, hakugusa uso wake kabisa. Akaiangalia kwa lenzi upande wa Nyerere. Akatulia. Akageuza upande wa kifaru. Akaiweka chini.

"Nani ameiosha?"

Nikasema ni mimi.

Alinieleza kwa upole kuliko nilivyostahili. Sarafu kama hiyo inaitwa prufu. Neno hilo watu hudhani ni kiwango cha usafi, kumbe ni namna ya kutengeneza. Sarafu ya kawaida inagongwa mara moja, inaanguka kwa pipa na wenzake elfu, inaanza maisha ikiwa na makovu. Prufu ni tofauti. Kile kidonge cha madini kinang'arishwa kwanza. Zile chapa za chuma zinazogonga mchoro zinang'arishwa pia, halafu inagongwa zaidi ya mara moja ili kila unywele utokee. Sehemu tupu inabaki kama kioo, na mchoro wenyewe mara nyingi unaachiwa weupe wa ukungu, ndiyo maana unaonekana kama unaelea. Mtu anaitoa kwa mashine akiwa na glavu, anaifungia. Haijakusudiwa kuguswa na kidole cha mtu maisha yake yote, wala kununua chochote.

Na ule weusi? Haukuwa uchafu. Ni fedha, ile ya madini, ikikutana na salfa iliyo hewani na kwenye moshi. Inakuwa nyeusi polepole, na wanaokusanya wanaiacha hivyo hivyo. Wengine hata wanapenda rangi hizo. Ukisugua na jivu unachora mikwaruzo midogo midogo maelfu, na kioo kikishaenda hakirudi, hakuna fundi wa kukirudisha.

"Bila kuoshwa ningeongea na wewe vizuri," akasema. "Sasa naweza kukupa bei ya uzito tu." Ni fedha ya 925, yaani sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha halisi, na uzito unapita gramu 30. Pesa aliyotaja ingenunua mbuzi mmoja, na si wa kunona. Nikamuuliza ingekuwa nzima ingefika ngapi. Akasema bei ya juu kidogo, labda mbuzi wawili watatu, si laki nne, hata kwa ndoto. Waliozinunua zamani walizitunza, kwa hivyo nzima zipo bado. Enyewe nilihisi ahueni ya aibu. Kama ingekuwa laki nne kweli, sijui ningerudi Kajiado na uso gani.

Nilirudisha kifaru kwa soksi nikashuka zile ngazi. Wiki iliyofuata ndiyo nilisoma kuliko nilivyowahi kusoma shuleni.

Hiyo sarafu ilitengenezwa Uingereza, na Royal Mint. Ilikuwa sehemu ya mkusanyiko wa sarafu za wanyama walio hatarini, uliofanywa na nchi nyingi pamoja na mashirika ya uhifadhi, WWF na IUCN, na sehemu ya mauzo ilienda kwa uhifadhi. Tanzania ilikuwa na tatu za 1974: twiga kwa shilingi 25, kifaru kwa 50, na duma wa dhahabu kwa 1,500. Uganda ilitangulia. Papa Paulo wa Sita alipozuru Kampala 1969, ziara ya kwanza ya papa barani Afrika, walitoa seti nzima ya prufu za fedha na za dhahabu. Siku hizi Rwanda wana sarafu za fedha za wanyama, walianza na sokwe mwaka 2008. Za Somalia zina ndovu kila mwaka tangu 2004, na zinagongwa Ujerumani, Bavaria.

Hapa ndipo mi huwa nachemka. Jina la nchi ni letu, mnyama ni wetu, rais ni wetu, halafu sarafu inazaliwa Ulaya, inauzwa kwa mtu wa Ulaya au Marekani, inakaa kwa kabati lake. Haipiti hata kwa ndege juu ya Namanga. Sisemi ni wizi. Nchi inalipwa, mkusanyaji anafurahi, na kama kuna kifaru alipata mlinzi kwa sababu hiyo, fiti. Ninachosema ni kwamba sisi tuliachiwa uvumi. Tunajua sarafu ina thamani mahali fulani, hatujui ipi wala kwa nini, na kwa huo mwanya wanaingia matapeli, na watu kama mimi na simu zetu.

Halafu nikakutana na mwaka. 1974. Huo ndio mwaka Amboseli ilifanywa mbuga ya taifa. Kabla ya hapo mifugo ya Wamaasai ilikuwa ikinywa kwenye vinamasi vya katikati, maji yanayotoka chini ya Kilimanjaro. Mbuga ikaja, mifugo ikatakiwa kutoka. Amboseli ilikuwa maarufu kwa vifaru wake. Miaka ya 1950 kulikuwa na mmoja aliyeitwa Gertie, mwenye pembe ndefu ajabu, picha zake zilizunguka dunia. Majangili wakawawinda kwa pembe. Na vijana wetu nao, kwa hasira ya kunyimwa maji, waliwachoma wengine mikuki. Hilo liko kwenye maandishi, si siri, ingawa nyumbani haliongelewi sana. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 walikuwa wamebaki wachache mno. Leo ukienda Amboseli utaona ndovu hadi uchoke, ila kifaru hakuna.

Kwa hivyo babu alikuwa anaendesha gari ndani ya hiyo mbuga, anawaonyesha wageni wanyama, jioni anarudi kwa watu waliofukuzwa majini, na kwa kabati ana kifaru wa fedha. Sijui alikuwa anawaza nini akiitoa siku za wageni. Nilimuuliza Koko. Akasema, "Alikuwa anasema tu, angalia, hata ngozi imechorwa."

Nilirudi Kajiado Jumamosi iliyofuata kumwambia. Njiani nilipanga uongo kama watatu hivi. Kwamba bei imeshuka. Kwamba mnunuzi amesafiri. Kwamba nitamletea pesa polepole, halafu niwe namtumia zangu. Huu wa mwisho niliupenda sana, ulikuwa unanifanya nionekane mtu mzuri.

Koko hakunipa nafasi. "Ingekuwa sijaosha?"

Nikakaa chini. Nikamwambia ingekuwa zaidi kidogo, si ng'ombe, mbuzi wawili au watatu. Na kwamba aliosha kwa sababu nilisema kitu nisichokijua mbele ya watu laki mbili.

"Kwa hivyo hakuna laki nne."

"Hakuna, Koko."

"Hata ile ya Kibaki?"

"Hiyo ni 40 bob. Inanunua vitu vya 40 bob."

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini chini, hadi akashika kiuno. "Sasa wewe ndiye utawaambia," akasema.

"Nitawaambia akina nani?"

Chama chake. Aliwaambia wote. Na walikuwa wanakutana hapo hapo kwake saa nane.

Walikuja kumi na mmoja. Nimewahi kuongea mbele ya kamera nikijua kuna watu elfu, sijawahi kutetemeka. Siku hiyo nilitetemeka. Mama mmoja alifungua fundo la leso, taratibu, 40 bob ikatokea. Mwingine alikuwa nayo kwa kikopo cha dawa. Mmoja alikuwa na mbili, na alikuwa ameshaanza kuongea na mtu kwa simu aliyemtaka 3,000 ya usajili. Alikuwa atume Jumatatu. Niliwaeleza kila kitu, kijana wa Athi River, mzee wa ngazi, jivu, prufu. Koko alitafsiri niliposhindwa. Nilitoa simu nikafuta video wakinitazama, ingawa wengi hawakujua nafanya nini na kidole changu. Nakala yake bado inazunguka, kuna akaunti imeiba ikaweka muziki chini. Ukiiona, sauti ni yangu.

Kifaru hakuuzwa. Nilimwambia Koko naweza kuinunua mimi kwa bei ya yule mzee, akakataa, akasema mbuzi anao. Niliifunga kwa karatasi laini, upande wa Nyerere nimemwomba asiuguse hata ukiwa mweusi kama usiku. Tulizungusha kwanza kwa wale kina mama, wakiishika kwa ukingo kama nilivyowaonyesha, kila mmoja akijitazama usoni humo na kurekebisha shanga.

Chai ilikuwa jikoni bado, na haikuwa na maziwa. Koko akachukua ile 40 bob yake, akaitoa kwa nailoni, akamwita binamu yangu amtume dukani. Akaangalia sarafu mara moja, akatafuta kwa mkebe, akaongeza 20 ya ndovu juu, maana maziwa yamepanda.